Jumamosi Zetu za Muaither

Moraa mwanangu,

Mabegi yako yapo mlangoni tangu saa nane mchana, yamefungwa kufuli, na mdogo wako Ombati amekwisha kuyakalia mara mbili kuhakikisha hayafunguki. Tumefanya kama tunavyofanya kila Ijumaa: kazi zote zimeisha kabla ya jua kuzama, ili kesho Sabato asiwepo mtu wa kukunja nguo wala wa kutafuta pasipoti chini ya kitanda. Adhana ya magharibi imelia, tumefungua Sabato kwa wimbo, tumekula, na sasa mama yako amewatoa nyote watatu mkawaage majirani. Mimi nimesema kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Nilitaka tu meza hii na kalamu, na kwa kuwa majirani wetu hawamwachii mtu aondoke kabla ya chai ya pili, nadhani nina saa nzima.

Mambo ya kila siku sitayagusa. Mama yako amekuandikia karatasi mbili za hayo, mbele na nyuma: dawa, sweta, shangazi wa kumpigia simu ukishuka Nairobi, na namna ya kumkatalia mtu anayetaka kukubebea begi. Mimi nina jambo moja tu, na umelianzisha wewe.

Jumanne tulipokuwa tunakula ulisema, "Angalau huko chuoni nitajipangia Jumamosi zangu mwenyewe." Ulisema ukicheka, Kerubo naye akacheka, na mama yako akanikanyaga mguu chini ya meza kabla sijafungua mdomo. Ananijua. Nikajiongezea sukuma wiki. Lakini neno hilo nimelala nalo siku tatu. Halikuniudhi, mwanangu. Lilinitia hofu, kwa sababu nilianza kujiuliza ni Jumamosi zipi unazozikumbuka. Kuna zile za kwanza na kuna zile zilizofuata. Ukiwa unaondoka na zile za kwanza, basi huna sababu ya kuzibeba, na aliyeziharibu ni mimi. Kwa hiyo acha nikusimulie zote mbili, nisijipendelee, halafu uchague mwenyewe.

Kabla hatujaja huku nilikuwa mtu. Najua linavyosikika, lakini ndivyo nilivyojiona. Kwetu Nyamira nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kanisani nilikuwa mwalimu wa kwaya. Sabato asubuhi nilitoka na suti yangu ya kijivu, vitabu vya nota kwapani, na kila niliyepishana naye njiani aliniambia, "Sabato njema, Mwalimu." Nikiinua mkono, watu arobaini wanavuta pumzi kwa pamoja. Hiyo ndiyo iliyokuwa furaha yangu ya Sabato, nami niliamini ni furaha ya kiroho. Leo nadhani nusu yake ilikuwa suti.

Kisha mama yako akapata kazi ya uuguzi hapa Doha, nasi tukamfuata. Wewe ulikuwa na miaka sita, Ombati mitatu. Karatasi zangu zilieleza wazi kwamba nimekuja kwa sababu ya mke na kwamba siruhusiwi kuajiriwa. Tukapanga sehemu ya jumba moja mtaa wa Muaither, lile lililogawanywa vipande vitano, na madirisha yetu mawili yakawa yanatazama ukuta. Mama yako anatoka na basi la hospitali alfajiri, mimi nabaki na nyinyi, kiyoyozi kikinguruma.

Tulifika mwezi wa Novemba, na kosa langu la kwanza lilikuwa la mtu wa ikweta. Kwetu jua halina maajabu: linazama saa kumi na mbili na nusu, Januari mpaka Desemba, unaweza kurekebishia saa. Kwa hiyo Ijumaa ya kwanza nilikuwa jikoni nakaanga chapati za Sabato bila haraka, taa ikiwaka kama ilivyowaka mchana kutwa, nikijipa karibu saa mbili zaidi. Akapita Salim mlangoni, yule dereva wa Mombasa aliyekaa chumba cha nyuma, amevaa kanzu. Nikamwuliza bado muda gani jua lizame.

"Lizame mara ngapi, Mwalimu?" akasema. "Magharibi ndo hiyo yaadhiniwa."

Ilikuwa haijafika hata saa kumi na moja. Nikazima jiko palepale, maana sisi Wasabato jua likishazama Ijumaa hatupiki tena mpaka lizame Jumamosi. Sabato ile tulikula chapati nane zilizoiva na kuzitazama kumi na mbili mbichi. Tangu siku hiyo saa yetu ikawa muadhini wa msikiti wa mtaani. Adhana ya magharibi ya Ijumaa ikilia, tunafungua Sabato. Ya Jumamosi ikilia, tunaifunga. Nadhani hajui mpaka leo kwamba amewapangia Wasabato wa Nyamira ibada yao kwa miaka yote hii, na hajawahi kuchelewa.

Mwaka wa kwanza tulijitahidi kufika kwenye makanisa, kule yalikowekwa pamoja nje ya mji, ambako Wakenya wenzetu hukutana Jumamosi. Halafu Kerubo akazaliwa kabla ya miezi yake, na kifua chake kikawa kibovu. Daktari akasema vumbi na msongamano wa watu avikwepe mpaka mapafu yakomae. Mama yako alipomaliza likizo ya uzazi, akapangiwa zamu ya Jumamosi. Gari hatukuwa nalo. Basi nikabaki: mimi, wewe wa miaka saba na kitu, Ombati wa minne, na kitoto kinachokoroma kama birika. Nikakaa hivyo Sabato baada ya Sabato, karibu miaka mitatu.

Nilikasirika, Moraa. Sikumwambia mtu, lakini nilimkasirikia Mungu, nikaona amenitoa mbele ya kwaya akanipa chupa za maziwa. Na kwa kuwa sikuweza kumfanya kitu Mungu, nikawafanyia nyinyi.

Unakumbuka meza ya kupigia pasi? Niliisimamisha mbele ya kochi, nikaitandika kitambaa cheupe, nikaweka Biblia juu. Nikavaa suti ya kijivu na tai, humo ndani, na nyinyi mkavaa viatu tulivyong'arisha Ijumaa. "Baba, viatu vya kwenda wapi?" uliniuliza. Nikakwambia mbele za Mungu hakuna kwenda miguu mitupu, ingawa Musa mwenyewe aliambiwa avue. Kuanzia saa tatu mpaka saa sita nilihubiri. Somo lilikuwa la watu wazima, aya kwa aya, na mliolazimika kulisikiliza mlikuwa wawili, maana Kerubo peke yake ndiye aliyeruhusiwa kulala. Hakuna kutoka, hakuna maji, hakuna kugeuka. Siku moja Ombati akajikojolea pale kochini, kwa sababu aliogopa kuniomba ruhusa katikati ya mahubiri. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimaliza kwanza hoja niliyokuwa nayo, ndipo nikamwinua.

Mchana kutwa ilikuwa usifanye. Usichore, usikimbie, usiwashe televisheni, usiimbe huo, huo si wa Sabato. Ikifika saa kumi ulikuwa unakwenda dirishani, unabandika paji la uso kwenye kioo, unautazama ule ukuta. Hukuwa unautazama, ulikuwa unasikiliza. Adhana ilipoanza tu uliruka juu ya kochi ukipiga kelele, "Imeisha! Imeisha!" Televisheni ilikuwa inawaka kabla muadhini hajafika katikati. Dakika yako ya furaha kuliko zote katika Sabato ilikuwa ile ya mwisho, na baba yako, badala ya kujiuliza kwa nini, siku moja alikukalisha chini akakuongezea saa nzima ya zaburi kama adhabu. Nikamfanya Daudi kiboko. Katika makosa yangu yote ya ubaba, hilo ndilo linalonirudia nikiwa naoga, nikiwa kwenye foleni, popote.

Mama yako naye hakusalimika. Jioni moja amerudi kutoka zamu, miguu imevimba, nikamwambia kwamba sisi tumeshika Sabato na yeye amechagua kazi. Aliweka mkoba chini taratibu. Akasema, "Leo nimemwosha nywele bibi mmoja ambaye hajaguswa kichwa wiki tatu. Alilia kwa raha. Wewe, Baba Moraa, leo umemfurahisha nani?" Akaenda kumnyonyesha Kerubo. Nilibaki pale na tai yangu.

Aliyenimaliza kabisa ni Salim. Nilikuwa nje natupa taka, Sabato imeshafungwa, akanijia kwa adabu zake zote.

"Mwalimu, niwie radhi nikuulize jambo. Hawa watoto hukosa nini kila Jumamosi?"

"Kukosa?"

"Siku nyengine nawasikia wacheka, wakimbizana. Jumamosi asubuhi sisikii ila kilio. Nami hudhani ndo siku uloiweka ya kuwatia adabu."

Hakuwa ananikejeli. Wanawe mwenyewe walikuwa Mombasa, akiwaona kwa likizo, na alikuwa anawaonea huruma wangu kweli. Ningemjibu nini? Kwamba hiyo ndiyo siku ambayo Mungu alipumzika, baada ya kuiona kazi yake kuwa njema sana? Nikasema watoto wana homa. Nilidanganya, na harufu ya sabuni niliyoogea kwa ajili ya Sabato ilikuwa bado mikononi mwangu.

Hizo ndizo Jumamosi za kwanza. Ukiniambia ndizo unazozikimbia, nitakusaidia kubeba begi.

Sasa nikusimulie zile nyingine. Natamani ningesema nilitubu, nikafunga, nikaonyeshwa njia. Nilichoka tu. Ilikuwa Jumamosi ya vumbi, lile vumbi la njano linaloingia hata dirisha likiwa limefungwa, na Kerubo alikuwa amekohoa usiku kucha. Mama yako alitoka alfajiri akiwa na wasiwasi, akaniambia nisimlaze, nimshike wima. Basi ikafika saa tatu, saa ya ibada, mimi nimevaa fulana na shuka, sijanyoa, mtoto kifuani, natembea kutoka jikoni mpaka dirishani na kurudi. Suti ilikuwa inaning'inia mlangoni. Nikagundua kwamba nikiimba besi, ile ya chini kabisa, kifua changu kinatetemeka na Kerubo anatulia. Nikawa naimba besi peke yake. Wimbo wenye besi tu hauna sura, ni kama mtu anayehesabu magunia, lakini yeye aliupenda.

Ukatoka chumbani na gauni la kulalia, nywele zimesimama. Ukakaa kwenye kochi ukanitazama unavyomtazama mtu usiyemfahamu. Halafu, katika ubeti wa pili, ukaingia na sauti ya pili.

Sauti ya pili, Moraa! Si ile ya kwanza ambayo kila mtoto anaiokota. Nani alikufundisha? Bila shaka ni mama yako, anavyoimba akiosha vyombo. Nilisimama katikati ya sebule, nikanyamaza nisikie kama utaanguka. Hukuanguka. Ukaenda nayo mpaka mwisho wa ubeti ukiwa unavuta uzi wa soksi, kana kwamba si kitu. Nikainua mkono mmoja, ule usiomshika Kerubo, kama nilivyokuwa nikifanya Nyamira, nawe ukavuta pumzi. Ombati akaja na sufuria na mwiko. Siku nyingine ningemnyang'anya. Nikamwonyesha mahali pa kupiga.

Tuliimba mpaka saa saba. Hatukupiga hata mswaki. Nilikuwa nimeongoza kwaya iliyochukua kombe, lakini asubuhi ile, na kwaya ya mtoto mmoja wa gauni la kulalia na mpiga sufuria, nilihisi Mungu ameingia humo ndani akakaa kwenye ile nafasi ya kochi iliyobaki. Nikalia. Ukaniuliza, "Baba, ni vumbi?" Nikasema ni vumbi.

Mama yako alitukuta jioni tumekaa kwenye mkeka, tunakula maharage baridi na chapati baridi, Kerubo amelala. Akauliza kanisa lilikuwaje. Ombati akamjibu, "Tuliimba na sufuria, na Baba hakukasirika." Alikaa chini na viatu vyake vya kazi akacheka mpaka akashika mbavu. Nilimwomba msamaha siku hiyohiyo, kwa ajili ya yale maneno. Alisema alikuwa amenisamehe zamani, ila alitaka kuona itanichukua muda gani.

Meza ya kupigia pasi ikarudi kwenye pasi. Badala yake tukawa na lile sanduku, unalikumbuka, lililokuwa katoni ya maji ya chupa. Ijumaa adhana ikilia tunalitoa chini ya kitanda, Jumamosi adhana ikilia tunalirudisha, na katikati ya wiki hata ungelia vipi hulioni. Kokwa za tende kumi na mbili, makabila ya Israeli. Kondoo wa pamba ya hospitali. Vifuniko vya chupa, jeshi la Wamisri. Wewe uliwapa kokwa majina, na Benyamini alipopotea ulifanya msako wa nyumba nzima mpaka tukampata kwenye kiatu changu.

Na Bahari ya Shamu je? Ile tuliyoivuka bafuni, tukaziba tundu la maji kwa soksi. Wewe ulikuwa Musa na mpini wa ufagio. Ombati alikataa katakata kuwa Mwisraeli, alitaka kuwa Farao kila Sabato, kwa sababu Farao ndiye anayezama. Maji yakatoka chini ya mlango, yakapita ukumbini, yakafika kwa Salim. Akagonga.

"Mwalimu, leo gharika ya Nuhu?"

"Hapana," nikasema, "ni Bahari ya Shamu."

"Basi mwambie Nabii Musa afunge bomba, zulia langu limo safarini."

Halafu akabaki pale mlangoni dakika kumi nzima akiangalia Farao akizama tena na tena, akicheka kwa sauti kubwa. Tangu siku ile hakuniuliza tena habari za watoto kukosa. Ijumaa iliyofuata alituletea sinia la pilau kabla ya magharibi, akasema amewahi makusudi, anajua jiko langu hufungwa mapema.

Nilianza kuisubiri Sabato. Mimi, niliyekuwa nahesabu Jumamosi ngapi zimebaki mpaka Kerubo apone! Kuanzia Alhamisi nilikuwa nimeshaanza kuwaza tuvuke nini, tuimbe nini. Ijumaa mlikuwa mnagombania brashi ya viatu. Niliendelea na viatu, ndiyo, ila sasa tulivipanga mlangoni vikiwa vinang'aa, tukakaa siku nzima miguu mitupu. Ulimwambia mama yako kwamba viatu vinamsubiri Mungu ili akija asidhani hatupo.

Nimefika kwenye kile nilichotaka kukuandikia.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Desemba, zile siku fupi. Mama yako alikuwa hajarudi. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti cha karibu na dirisha, Kerubo amelala miguuni pangu, Ombati anapanga kondoo. Giza lilikuwa linaingia, na kwa desturi yetu hatukuwa tumewasha taa. Ulikuwa na miaka minane. Nilijua adhana iko karibu, na moyo wangu ulikuwa unajiandaa kukuona unaruka, maana hata katika Sabato nzuri nilikuwa bado naiogopa dakika ile. Ukaja nyuma ya kiti changu. Muadhini akavuta pumzi kwenye spika, ile sauti ya pumzi inayosikika kabla ya neno la kwanza, na wewe ukaniziba masikio kwa viganja vyote viwili.

"Bado, Baba," ukasema. "Hujasikia."

Nilisikia, bila shaka. Viganja vya mtoto wa miaka minane havizuii spika za msikiti wa Muaither. Vilinuka tende. Niliisikia adhana yote tangu mwanzo hadi mwisho kupitia vidole vyako, na ilipokwisha ukaondoa mikono ukaniinamia usoni kunikagua.

"Umesikia kitu?"

"Sijasikia kitu," nikasema.

Basi tukaimba wimbo mmoja zaidi, gizani. Kisha mwingine. Mama yako alipofungua mlango akatukuta bila taa, akashtuka akidhani umeme umekatika, nawe ukamwambia kwa kunong'ona, "Mama, karibu, bado ni Sabato." Sijawahi kupewa kitu kikubwa kuliko hicho, Moraa, na sijui kama unakumbuka. Mtoto wa miaka minane hufanya mambo akayasahau kabla ya kulala. Mimi nimekaa nalo miaka kumi.

Baadaye unajua ilivyokuwa. Kifua cha Kerubo kikakaa sawa, nikapata kibali cha kuajiriwa na ile kazi ya ofisi mtaa wa West Bay, tukanunua gari, tukarudi kukusanyika na wenzetu. Wakanipa kwaya. Naipenda kwaya yangu, ina besi nzuri, walinzi na madereva. Lakini nikiinua mkono, mpaka leo, kuna nukta moja ambayo nasubiri sufuria.

Sitakuambia ushike Sabato. Umenisikia nikisema hivyo? Mwite mama yako awe shahidi. Nilishawahi kukushikisha kwa nguvu, na kilichotoka humo ni mtoto aliyebandika uso kwenye kioo. Nitakuambia tu nilichokiona mimi. Nilidhani furaha ile iko mahali, kwenye jengo, kwenye suti, kwenye watu arobaini, na kwamba nikifungiwa ndani na watoto nimefungiwa nje yake. Ilinikuta nimevaa shuka. Kwa hiyo utakapoamka Jumamosi ya kwanza hosteli, wenzako wamelala au wanafua, nawe hujui kanisa liko upande gani wa mji, usidhani umepungukiwa. Unayo sauti ya pili. Ianze, hata kama besi iko Doha.

Na kwa kuwa unakwenda kusomea kazi ya mama yako, kuna Jumamosi utakayokuwa wodini, umesimama tangu alfajiri. Siku hiyo mwoshe mtu nywele, ukumbuke alivyonijibu. Kama kuna atakayekuambia umevunja Sabato, mwambie baba yako aliwahi kusema hivyo na akanyamazishwa.

Kuna Jumamosi pia ambazo utalala mpaka saa sita, na nyingine ambazo hutataka kusikia habari za Mungu wala za baba. Nami nilikuwa nazo, nimevaa tai. Usinifiche. Nipigie simu tu, hata ya kunitania, sitakuongezea zaburi.

Nasikia vicheko vyenu kwenye ngazi. Ombati anamwambia Kerubo kwamba ukiondoka kitanda chako ni chake. Acha nimalize.

Ndege yako kesho ni ya saa tano usiku. Kwa hiyo tutakuwa na Sabato nzima, na nimeficha jambo moja: sanduku bado ninalo. Lilikuwa juu ya kabati, nyuma ya blanketi. Benyamini yumo. Tutakula chakula baridi, tutaimba, na jua likianza kushuka nitakaa kwenye kiti changu cha karibu na dirisha na hatutawasha taa. Adhana ya magharibi ikilia nitafunga Sabato kwa maombi mafupi, mafupi ya kweli, halafu tutabeba mabegi, na kuanzia hapo Jumamosi ni zako mwenyewe kama ulivyosema. Umezistahili.

Ila kama unakumbuka, mwanangu, muadhini akivuta pumzi, pita nyuma ya kiti changu.

Baba yako,
Mwalimu wa kwaya ya sufuria